Mali za Mjerumani na kopo la vyuma kutoka Magu



Kuna biashara moja Kanda ya Ziwa ambayo TRA hawawezi kuitoza kodi, kwa sababu mzigo wenyewe huwa haufiki. Inaitwa mali za Mjerumani. Kaa kijiweni Magu, Kisesa au Mwanza mjini, taja neno "rupia", na kabla chai yako haijapoa mtu atakusogelea na kushusha sauti. Atakuambia yuko mzungu hotelini anatafuta rupia yenye tai, au yenye maandishi ya Kiarabu, au ile inayovuta punje za mchele. Analipa mamilioni. Mzungu mwenyewe haonekani hata siku moja. Anayeonekana ni dalali, na dalali anataka kwanza "hela ya kupimia".

Hilo neno hela liwekeni pembeni, tutalirudia.

Zamani mtafutaji alikwenda kwa mganga, akaelekezwa kwenye mti au jiwe lenye alama, akachimba usiku. Siku hizi wapo wanaokwenda na mashine, zile zile wanazotumia wachimbaji wadogo kutafutia dhahabu. Mashine ikilia wanachimba. Na tuseme ukweli, vitu wanapata. Ardhi ya mwambao ule imepitiwa na watu wengi mno isiwe na kitu. Tatizo linaanza baada ya hapo: mtu ana kichuma mkononi, kimeshika kutu ya kijani, kina herufi nusu nusu, na hana wa kumuuliza isipokuwa dalali.

Kijana mmoja wa huko (jina lake nalihifadhi, ana matatizo ya kutosha) alinionyesha kopo la Kimbo lenye vyuma kumi na moja alivyovitoa ardhini katika kiangazi kimoja, vingi vikiwa jirani na kiwanja palipokuwa na duka la zamani. Aliuza ng'ombe wawili kununua mashine. Dalali alikuwa amemtaka laki tatu ili "mtaalamu" aje kupima, na kijana alikuwa anafikiria ng'ombe wa tatu. Hapo ndipo nikaamua kulifanyia kazi hilo kopo kama ninavyofanya habari nyingine yoyote, yaani kukiuliza kila chuma maswali yale yale: nani amekutoa, lini, na kwa sababu gani?

Tuanze na vile rahisi. Vitano kati ya kumi na moja vilikuwa na tundu katikati, vya rangi ya shaba iliyofifia. Hizi ni senti kumi za Afrika Mashariki, zilizotolewa chini ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki ambayo Waingereza waliiunda mwaka 1919 na kuiweka London. Pembe mbili za ndovu zimeizunguka tundu, upande wa pili kuna taji na jina la mfalme. Picha yake haipo, na sababu ni nyepesi kabisa, ungemtoboa mfalme kichwa. Babu zetu walizitunga kwenye uzi kama shanga. Zilitengenezwa kwa mamilioni na ndiyo maana kila shamba linazo.

Hata hivyo moja kati ya hizo tano ilinisimamisha. Ni ya mwaka 1936 na imeandikwa jina la Edward wa Nane. Huyu ndiye mfalme aliyeuacha ufalme Desemba 1936, kabla hata hajavikwa taji, kwa sababu ya mwanamke aliyetaka kumwoa. Kule kwao Uingereza sarafu zenye sura yake hazikuwahi kuingia mtaani. Lakini hivi vya tundu, kwa kuwa havikuhitaji sura, vilikuwa tayari vimetengenezwa na kupakiwa melini. Kwa hiyo mkulima wa pamba wa Usukuma alishika mfukoni jina la mfalme ambaye muuza magazeti wa London hakuwahi kulishika. Raha ya historia ndiyo hiyo. Ila msianze kushusha sauti, nazo zilitengenezwa kwa mamilioni na bei yake ni ndogo.

Na ile herufi H iliyo chini ya baadhi yake? Nimesikia mtu akiapa kwamba ni H ya Hitler. Hapana jamani. H ni kiwanda cha Heaton cha Birmingham, na KN ni Kings Norton, pia cha huko huko Birmingham. Herufi ndogo kwenye sarafu mara nyingi ni jina la kiwanda. Kwenye za Wajerumani, A ni Berlin na J ni Hamburg. Ipo pia T, nayo ina hadithi yake.

Mbili zilizofuata zilikuwa vijisarafu vya shaba vyenye taji upande mmoja na maneno DEUTSCH OSTAFRIKA, upande wa pili thamani: 1 HELLER. Lisomeni kwa sauti. Heller. Hela. Mwaka 1904 serikali ya Kijerumani ilichukua rasmi shughuli ya sarafu na kuamua rupia moja igawanywe kwa heller 100. Kabla ya hapo rupia ilikuwa pesa 64, hesabu ya Kihindi. Wajerumani waliondoka, heller ikafa, neno likabaki midomoni mwetu hadi leo hii unapomtumia mtu kwa simu. Tuna mazoea hayo. Dala ilikuwa shilingi tano, nauli ya shilingi tano ikazaa daladala, sasa nauli si tano tena na gari bado linaitwa hivyo hivyo. Kwa vyovyote, heller moja ni ya kawaida sana. Ikiwa imeliwa na udongo kama hizi mbili, hainunui zaidi ya chipsi kuku na soda.

Sasa hiyo T. Chuma cha nane kilikuwa kikubwa kuliko heller, kizito, kazi yake ya kienyeji kienyeji, taji limekaa kama limechorwa kwa haraka, na mwaka ni 1916. Thamani ni heller 20. T ni Tabora. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, manowari za Waingereza ziliifunga bahari na sarafu kutoka Ujerumani zikakoma. Wajerumani wakageuza karakana ya reli ya Tabora kuwa kiwanda cha fedha. Wakafyatua heller 5 na heller 20 kwa shaba waliyoipata, na wakatengeneza pia sarafu ya dhahabu ya rupia 15, yenye tembo na mlima nyuma yake, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke kule Singida. Za dhahabu zilikuwa zaidi kidogo ya 16,000 tu. Kila moja ina uzito wa gramu 7 na kitu, robo tatu ikiwa dhahabu. Hizo ndizo zenye bei kweli duniani, na naamini ndizo zilizozaa uvumi wote huu wa mali za Mjerumani.

Lakini hebu tuuweke uvumi huo kwenye ramani na kalenda. Hadithi ya vijiweni inasema Mjerumani alipokuwa anakimbia alizika dhahabu Magu. Mwanza ilichukuliwa na Waingereza Julai 1916. Walikuja kwa maji, wakateremka mwambao wa mashariki ya mji, yaani upande huu huu wa Magu, na Wajerumani wakakimbilia kusini, kuelekea Tabora. Tabora yenyewe iliingiwa na Wabelgiji Septemba mwaka huo. Kwa hiyo dhahabu ilikuwa inatengenezwa kusini, na jeshi lilikuwa linakimbilia kusini. Mtu wa kuja kuizika Magu angelazimika kuibeba kutoka mahali salama, kuipitisha katikati ya wenzake wanaokimbia, na kuileta pale ambapo adui anashuka melini. Kwa nini afanye hivyo? Nimemuuliza dalali mmoja swali hili. Alinijibu kuwa sijui mambo ya wazungu.

Turudi kwenye kopo. Tatu zilizobaki ndizo zilizonifanya niandike makala hii, maana ndizo zinazowachanganya watu zaidi, na moja kati yake ndiyo dalali aliyoishikia bango.

Kuna kitu watoza sarafu wanakiita tokeni. Sisi leo tukisikia tokeni tunafikiria tarakimu 20 za LUKU (wajukuu zetu hawatachimba kitu hapo). Tokeni ya zamani ilikuwa kipande cha chuma kinachofanana na sarafu lakini hakikutolewa na serikali. Alikitoa mwenye duka, mwenye mgodi, mwenye baa, mwenye kiwanda. Kilifanya kazi mbili kwa mpigo: kuziba pengo la chenji, na kulitembeza jina la mwenye nacho kutoka mfuko hadi mfuko. Uingereza ya mwaka 1787 ilikuwa na ukame wa sarafu ndogo, mfalme hatengenezi za kutosha. Kampuni ya mgodi wa shaba wa Parys, kisiwa cha Anglesey, ikatengeneza za kwake zenye kichwa cha mzee mwenye ndevu na kofia ya joho, zikafuatwa na mamia ya aina nyingine kutoka kwa wafanyabiashara nchi nzima. Lilikuwa tangazo la biashara ambalo mteja mwenyewe analibeba bure, tena analitunza.

Namna ya kuitambua si ngumu. Sarafu ya serikali itakutajia nchi au mtawala, thamani na mwaka, na pande zake mbili zitakuwa zimefanyiwa kazi. Tokeni itakutajia jina la biashara, au namba, au bidhaa. Mara nyingi haina mwaka. Mara nyingi upande mmoja ni mtupu. Kama ina tundu, tundu liko juu pembeni, la kuningʼinizia, si katikati.

Kwa kipimo hicho chuma cha tisa kilikuwa rahisi: kiduara cha shaba ya njano, upande mmoja mtupu, upande wa pili namba 47 iliyogongwa kwa mkono, tarakimu moja imepinda. Tundu juu. Hiki ni kidani cha karakana. Fundi alikuwa na namba yake. Akitaka spana anakwenda stoo, anaacha kidani chake kwenye msumari ilipokuwa spana, jioni anarudisha spana na kuchukua kidani. Ukikipoteza, msala. Nje ya ukuta wa karakana hakikununua hata kiberiti. Dalali alisema 47 ni gramu za zebaki iliyomo ndani.

Cha kumi kilikuwa kimejikunja kidogo, kama kimevishwa kwenye bomba, na matundu madogo ya kukifungia. Ukikisafisha kwa maji unaona shingo na kichwa cha ndege mwenye mdomo mrefu, na jina: Raleigh, Nottingham. Naam, ni nembo ya mbele ya baiskeli. Ndege ni korongo, kutoka nembo ya ukoo wa Frank Bowden aliyeikuza kampuni hiyo miaka ya 1880. Hili ni tangazo hasa, halijifichi. Na kwa Usukuma ni tangazo lenye uzito wake, maana baiskeli na pamba zilikwenda pamoja. Mkulima alipeleka pamba mnadani, akapimiwa na mizani ya mnunuzi, akapunjwa, akarudi na kilichobaki dukani. Kupunjwa huko ndiko kulikozaa wapimaji huru wa wakulima wenyewe mwaka 1950, kukamwinua Paul Bomani, na kufikia 1955 vyama vya ushirika vya ziwa vikawa na shirikisho lao, VFCU, ambalo baadaye lilimiliki viwanda vya kuchambua pamba. Baiskeli ya Raleigh mlangoni ilikuwa ushahidi kwamba msimu haukwenda bure. Mzee jirani yake kijana alipokiona hicho kichwa cha ndege hakuuliza bei. Aliuliza kimetoka upande gani wa njia, akataja majina ya watu watatu waliokuwa na baiskeli hizo.

Kimebaki cha kumi na moja, na ndicho dalali alichokishikia bango. Kidogo, cha shaba nyekundu. Upande mmoja tai wa Kijerumani, umezungukwa na maneno marefu ambayo nusu yamelika. Upande wa pili maandishi ya Kiarabu ndani ya shada la majani, na tarakimu za Kiarabu zinazosomeka 1307. Dalali alikuwa amesoma 1307 kwa msaada wa ustaadhi fulani na kutangaza kwamba kina miaka zaidi ya 700. Mwaka ule ni wa Hijria, ndugu zangu. 1307 ya Hijria inaangukia 1889 na 1890, na upande wenye tai umeandikwa 1890 kwa tarakimu za kawaida. Hiyo ni pesa moja.

Lakini msome hayo maneno yaliyoizunguka tai. Hayasemi Ujerumani. Yanasema Deutsch-Ostafrikanische Gesellschaft, yaani Kampuni ya Ujerumani ya Afrika Mashariki. Na Kiarabu cha upande wa pili kinasema hilo hilo kwa kifupi: shirika la Kijerumani. Kampuni. Ni ile ya Carl Peters, aliyezunguka Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami mwishoni mwa 1884 akiwatilisha machifu sahihi kwenye mikataba ya lugha wasiyoijua, akapata hati ya ulinzi ya Kaisari Februari 1885. Mwaka 1888 kampuni ikakodishiwa pwani na Sultani, ikaanza kupandisha bendera, na pwani ikawaka moto. Abushiri bin Salim na Bwana Heri waliikimbiza kampuni karibu miji yote isipokuwa Bagamoyo na Dar es Salaam. Ilibidi serikali ya Berlin imtume Hermann Wissmann na askari wa kukodi kuiokoa. Abushiri alinyongwa Pangani Desemba 1889, na kuanzia Januari 1891 utawala ukahamia serikalini, kwa sababu kampuni ilishathibitisha kwamba haiwezi.

Sasa angalieni miaka. Kampuni imefukuzwa pwani 1888. Imenyangʼanywa utawala 1891. Na sarafu zenye jina lake zinaanza 1890 na zinaendelea, kwa upande wa rupia za fedha, hadi 1902! Haki ya kutengeneza sarafu ilibaki nayo baada ya kushindwa kila kitu kingine. Kwenye rupia waliweka sura ya Kaisari Wilhelm wa Pili na kofia yake ya chuma, na nyuma nembo ya kampuni, simba na mnazi. Mombasa nako Kampuni ya Waingereza ilifanya vivyo hivyo 1888, yenyewe ikiwa na kauli mbiu yenye maana ya "Mwanga na Uhuru". Uhuru upi, na wa nani, sarafu haisemi.

Kwa hiyo ile pesa moja ya kwenye kopo la Kimbo, mimi naiweka kundi moja na nembo ya Raleigh. Ni tangazo la kampuni. Tofauti ni kwamba baiskeli ulinunua ukipenda, hili ulilazimishwa. Mwaka 1898 ilianza kodi ya nyumba, rupia 3 kwa nyumba ya kijijini, na rupia haioti shambani. Ili uipate ilibidi uuze kitu au uuze nguvu zako. Wajerumani hawakuileta rupia Usukuma ili waiache. Walileta ili irudi kwao. Ndiyo maana nikisikia watu wanatafuta mali aliyoizika Mjerumani nacheka, halafu sicheki. Kinachopatikana ardhini ni kile kilichomponyoka mtu wetu kwenye tundu la mfuko akiwa njiani kwenda kulipa.

Kabla ya rupia mwambao huu ulifanya biashara bila sarafu. Stanley alipofika Kageye, hapo hapo Magu, tarehe 27 Februari 1875, alikuja na mizigo ya vitambaa, shanga na nyaya, kwa kuwa ndivyo vilivyopokelewa. Kageye ni eneo la kihistoria, na naomba mashine zisifike huko. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inamtaka anayechimba kutafuta mabaki ya kale awe na kibali, na pale thamani iko kwenye udongo wenyewe na mpangilio wa vitu ndani yake. Ukishachimbua shanga ukaitia mfukoni imebaki shanga tu.

Kuhusu bei, nilimwambia kijana kama ilivyo. Kopo zima, kwa hali ya vyuma vilivyomo, halirudishi hata ng'ombe mmoja. Cha Tabora na hiyo pesa ndivyo ningevitunza. Vitatu alikuwa ameshavisugua kwa ndimu na mchanga ili "ving'ae", na kwa mtoza sarafu kusugua ni kuua, kwani herufi zilizobaki ndizo zinakwenda na kutu. Osha kwa maji, acha ikauke, piga picha pande zote mbili mchana kweupe, andika umeitoa wapi na kwenye kina gani. Na anayekutaka ulipe ili akupimie, mwulize kwanza T ni nini.

Dalali bado anampigia simu. Safari iliyopita alishuka hadi laki moja na nusu.